Nailoni ya feni ya Zuhura

Jamani, leo nimeua kompyuta. Mimi!

Mimi niliyewasha trekta la shamba la mkonge kwa mkanda wa suruali, Muheza nzima ikashuhudia.

Mpwa wangu Zuhura ana kibanda cha gemu Makorora. Vijana wanalipia kucheza, yeye na mama yake wanakula. Kompyuta ikawa inachemka, akauza cherehani yake ili tununue kasha lenye matundu na feni kubwa ya kupozea.

Kuchagua nikachagua mimi. Feni ina kitako cha shaba, kinang'aa kama sinia la harusi.

Wakati wa kufunga Zuhura akauliza, "Mjomba, hii nailoni ya kwenye kitako haibanduliwi?"

Nikamkatiza. "We mtoto! Kitu kipya kinalindwa. Chumvi ya bahari hii itakula shaba yote."

Tukaibana juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaochemka, nailoni na yote.

Gemu likawaka. Vijana wakashangilia, nami nikawapungia mkono.

Halafu harufu. Halafu kioo kikawa cheusi. Kompyuta haijawaka tena mpaka sasa.

Zuhura akafungua feni. Nailoni imeyeyuka, imegandia prosesa, joto limekosa pa kutokea.

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Haya mjomba, nenda ukapumzike," akafunga kibanda.

Nimerudi kwangu Mabawa. Kochi langu lina nailoni yake tangu nilinunue, linalia kila nikijigeuza.

Naibandua sasa hivi, nipige picha.

Nani ananunua kochi? Jipya kabisa, kitambaa chake hakijawahi kukaliwa na mtu. Zuhura anahitaji cherehani yake.