Kifua cha Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwetu Kibeta kutoka Muleba kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, maisha yetu yaligawanywa kwa pazia. Kwetu Wahaya, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe machoni, sembuse kumgusa. Mke wangu akishakwenda kazini mjini tunabaki wawili nyumbani, kila mmoja upande wake, tukikohoa kabla ya kupita. Hofu yangu ilikuwa moja: akianguka mchana, wa kumwokoa ni mimi.

Ndiyo maana nikaenda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, ukumbi wa kanisa. Muuguzi alileta sanamu la mpira lisilo na miguu, na maswali yote ya mwanzo yakawa juu ya hiyo miguu. Mmoja akauliza kama mtu aliyetoka kula senene, wale panzi wetu wa kukaanga, naye anapulizwa pumzi mdomoni. Muuguzi akasema toeni kinachoonekana mdomoni, mpulize. Na mbavu zikivunjika kwa kubonyezwa, mwingine akauliza? Mbavu zitaunga, akasema, lakini maiti haungwi.

Nikanyoosha mkono. "Na kama ni mama mkwe wa rafiki yangu?"

Ukumbi mzima ukanigeukia, na hakuna aliyeamini habari ya rafiki. Muuguzi akajibu kwamba rafiki akishindwa kupuliza, aite msaada na kuendelea kubonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, asiache. Kifua! Nilitamani angesema goti.

Kesho yake nikalaza mto sebuleni, nikaanza mazoezi huku nikihesabu kwa sauti.

"Waitu, mwanangu," mama mkwe akauliza nyuma ya pazia, "unampiga nani?"

"Simpigi mtu, mama. Najifunza kumsaidia mtu ambaye moyo umesimama."

Akasikiliza kidogo. "Mbona unahesabu polepole? Mimi hapo nimeshazikwa."

Nikaongeza mwendo kwa hasira. Mto ukapasuka, pamba ikatapakaa hadi kwenye nywele zangu.

"Huyo mtu ni mimi?" akauliza.

Nikaanza kuokota pamba. Nampenda sana mama yule, na sikuwahi kumwambia, maana mambo hayo huyasemi kupitia pazia.

Pazia likafunguka. Akaja akaketi mkekani mbele yangu, uso ameuelekeza dirishani, akauchukua mkono wangu na pamba zake, akauweka kifuani pake.

"Ni hapa," akasema. "Siku hiyo usipoteze muda kutafuta."