Mama Wawili Ambao Hawakuonana

Waliosema sitafika popote walikuwa wengi, na baadhi yao bado wanasoma safu hii. Walisema mtoto wa kuokota korosho kule Mnyambe hatamaliza kidato cha nne, nikamaliza. Wakasema diploma ni ya watoto wenye wajomba mjini; ninayo, imetundikwa sebuleni kwangu hapa Masasi, na hakuna mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Chuo kilipotangaza kwamba kundi la wanachuo litakwenda Korea kwa mpango wa kubadilishana utamaduni, fundi baiskeli mmoja wa karibu na stendi alinicheka mbele ya watu: "Wewe Korea utaiona kwenye kibanda cha video!" Nilikwenda, nikapiga ngoma mbele ya ukumbi uliojaa, nikarudi. Hayo nayasema kifua mbele. Lakini wiki iliyopita nilipata ujumbe kwamba mama aliyenipokea nyumbani kwake kule Korea amefariki dunia, na tangu hapo nimekosa pa kuyaweka majivuno yangu.

Kule kila mwanachuo alipangiwa familia ya kukaa nayo. Wenzangu wengi walipelekwa kwenye maghorofa yenye lifti. Mimi niliangukia kwa mjane mmoja, muuza mboga wa mji mdogo, aliyeishi na binti yake. Nyumba yao ilikuwa kwenye matengenezo. Ukuta wa jikoni ulikuwa umebomolewa, turubai linaning'inia mahali pake, masufuria yamepangwa ukumbini, na mama alipikia jiko dogo la gesi sakafuni. Yeye hakuomba radhi kwa lolote. Alivuta mto, akanikalisha, akanijazia bakuli. Nilipopiga goti kumwamkia shikamoo naye akainama kunijibu, tukabaki tunainamiana hadi binti akacheka. Siku ya pili niliwaeleza kwamba kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe. Binti, aliyejua Kiingereza, akamtafsiria. Mama akapiga makofi: "Hata sisi! Basi kwa siku utakazokuwa hapa, mimi ni Mama wa jina lako." Akaanza kuitwa hivyo hata sokoni. Wauza mboga wenzake walipomtania kwamba mtoto hafanani naye, aliwajibu, "Nilimzaa mbali."

Niliporudi Mnyambe na kumsimulia mama yangu mzazi, aliacha kupepeta. "Kumbe nina somo Korea!" alisema, kwa maana sasa walikuwa wanawake wawili wenye jina moja, na jina lenyewe ni langu. Kuanzia siku hiyo alikuwa na shauri moja tu. Kwetu kule juu Newala, mtu akikulishia mtoto, mama mzazi humtafuta mwenyewe na kumshukuru kwa mdomo wake. Ahsante ya kutumwa haitoshi. Korea hakufikiki, lakini simu yangu hupiga kwa video, na binti wa kule aliniandikia mara kwa mara kwamba mama yake anataka kumwona mwenzake. Kila mtu alikuwa tayari, isipokuwa mimi.

Nilikuwa namjengea mama nyumba. Nilitaka somo yake amwone akiwa ameketi barazani penye vigae, nyuma yake madirisha ya vioo, si mbele ya jiko la udongo lililoezekwa nyasi.

"Subiri kidogo, mama, mafundi wanamalizia."

"Anataka kuniona mimi au anataka kuona bati?"

"Mama, ni heshima yako."

"Heshima yangu ninayo, baba. Nipe simu."

Sikumpa. Msimu wa korosho ukaja, bati likapanda. Msimu mwingine, madirisha. Binti akiuliza, namjibu, "Karibuni tu." Vigae vya baraza vilikauka mwezi huu.

Nilipanda Newala siku ileile ya ujumbe, nikachukua bodaboda hadi Mnyambe. Nilimkuta mama chini ya mikorosho, anatenganisha mabibo na korosho. Nikamwamkia, nikamwambia. Hakulia. Alifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mpigie yule binti." Nikamwomba twende kwanza barazani. Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, akakaa palepale kwenye majani makavu. Binti alipotokea kwenye kioo, na vazi jeusi la msiba, alimwona mama yangu, akaiegemeza simu mbele yake, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mama akasema, "Marahaba, mwanangu. Pole. Mama yako alinilishia mtoto." Nikatafsiri. Binti akajibu kwamba mama yake alikuwa akiuliza kama somo yake ni mgonjwa, maana haonekani. Hilo nilishindwa kulitafsiri. Mama akasubiri, akanitazama, akanirudishia simu bila kuniuliza.

Tumekuwa watu wa kumalizia kwanza, sisi tuliotoka na kurudi. Zunguka Masasi uhesabu mageti yaliyofungwa kwa sababu mwenye nyumba hataki wageni kabla ya rangi ya pili. Tunaahirisha kuwaleta wazazi mjini mpaka sofa lifike, na tunaahirisha kwenda kwao mpaka tuwe na gari. Tunaiita heshima, na wala hatuwaulizi wenyewe kama wanaitaka. Niliishi nyuma ya turubai, nikala hadi kushiba, na sikujifunza kitu.

Kesho yake mama alitandika mkeka, akawaambia majirani kwamba amefiwa. Wanawake wa Mnyambe, Waislamu kwa Wakristo, walikuja na unga kwenye mabakuli, wakaketi na kanga zao begani.

"Pole, mama. Ni nani kwako?"

"Somo yangu, wa Korea. Amemlisha mwanangu huyu."

"Mungu amrehemu. Mlionana lini mara ya mwisho?"

"Hatukuonana," alisema mama. Wote wakageuka kunitazama mimi niliyekuwa nimesimama kwenye baraza langu jipya. Kisha mmoja mmoja wakanyanyuka kuja kunipa mkono: "Pole, baba, kwa kufiwa na mama." Niliipokea mikono yote, na kila mmoja ulikuwa mzito kuliko uliotangulia.

Msomaji wangu, kama kuna mtu anayengoja kumwona mama yako, wakutanishe leo, jikoni kukiwa na moshi. Mimi baraza ninalo, na hakuna tena wa kumwonyesha.