Uso Wangu kwenye Kompyuta ya Stesheneri

"Shikamoo, mama."

Niliitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nilikuwa nasonga ugali, na ugali wa kambi nzima haukuruhusu kutazama pembeni. Ulikuwa mchana wa jua kali, kibanda kimejaa, wachimbaji wanagombania benchi kama kawaida yao. Yule kijana hakukaa. Aliweka simu yake mezani, karibu na bakuli la chumvi, akaigeuza inielekee.

"Mama, huyu si wewe?"

Nikatazama. Nilikuwa mimi. Picha ya kitambulisho changu cha taifa, ile niliyopigwa nimekunja uso kwa jua. Chini yake majina yangu yote, langu, la baba na la babu. Namba ya simu. Kijiji nilichozaliwa. Na mwishoni kabisa saini yangu, herufi kubwa zilizopinda, maana shule niliishia darasa la nne. Juu ya karatasi iliandikwa kwamba mimi, kwa hiari yangu, nimekubali kulipatia jarida taarifa za duara lililoanguka, shimo letu la dhahabu.

Mwiko ulikuwa mkononi lakini sikuusikia tena. Ugali ukaanza kuungua, na watu wakaanza kunipigia kelele.

"Chakula chako kitamu, mama," akasema kijana, kwa adabu kabisa. "Itakuwa vibaya tukikikosa."

Akachukua simu yake, akaondoka taratibu.

Baadaye nilipigwa mawe, nitaeleza. Lakini mawe hayakunitisha kama simu ile. Jiwe unaliona limetoka mkononi mwa nani. Ile karatasi niliisaini mbele ya mtu mmoja, ndani ya chumba kilichofungwa mlango, na yule mtu aliniambia inanilinda sana.

Nirudi nyuma kidogo. Kambi yenyewe iko upande wa Geita, siitaji. Nimepika pale miaka mingi, na pale tulikuwa na desturi yetu. Kila mchimbaji alikuwa na sahani yake ya bati, ameitia alama. Akishuka shimoni, ambako sisi tunakuita durani, sahani anaiacha kwangu. Akipanda, anakuja kuichukua na kula. Hakuna aliyekaa akaitunga desturi hiyo, ilianza kwa sababu sahani zilikuwa zinaibwa mabandani. Lakini ilinifanya nijue nani yuko chini kuliko hata karani wa duara na daftari lake.

Siku duara liliporomoka mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Vijana walitoka wakikimbia, tope mpaka kwenye kope. Mwenye duara akaja na gari lake, akauliza kama kuna mtu chini. Karani akasema wote wametoka. Basi, akasema mwenye duara, fukieni mdomo wake kabla halijaua mtu. Wakafukia. Watu wakaja kula. Sahani mbili zikabaki juu ya kichanja.

Moja ilikuwa na matundu matatu ya msumari ukingoni. Ya kijana wa Kigoma, mpenda dagaa, aliyekuwa akiniita mama mkwe ingawa sina binti. Nyingine ilipakwa rangi ya bluu. Ya mzee mmoja wa Bukombe, mtu mkimya, asante yake ilikuwa kuosha sahani mwenyewe kabla ya kunirudishia.

Nikamfuata karani.

"Hawa wawili wako wapi?"

"Wamehama, mama. Si unawajua wachimbaji? Wakisikia dhahabu imefumuka mahali, hata kwaheri hawaagi."

"Wamehama wakaacha sahani?"

"Mama, wewe pika."

Nilikaa na zile sahani wiki nzima. Kila nikiosha vyombo naziosha na zenyewe. Mwisho nikaona nitarukwa na akili, nikapanda gari kwenda Geita mjini.

Kulikuwa na jarida dogo la habari za wachimbaji, kurasa chache, linatoka pale mwenyewe akipata karatasi. Ofisi yake chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Mhariri kijana wa miwani, mpole. Ukutani ametundika cheti kwenye fremu ya kioo. Alikuwa ametoka semina Mwanza, wamefundishwa sheria ya kutunza taarifa za watu, na alikuwa na furaha nacho kama bwana harusi. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza vizuri, sitamnyima hilo. Kisha akatoa fomu.

"Mama, siku hizi siwezi kuchukua habari yako bila ridhaa ya maandishi. Mkaguzi akija, lazima aikute kwenye faili."

"Mkaguzi ndiye nani?"

"Wa serikali. Anakagua kama tunafuata sheria."

"Na mimi karatasi hii inanilinda vipi, mwanangu?"

"Inakulinda sana, mama. Mimi nikikuvunjia siri, unanishitaki."

Nikasaini. Akaomba kitambulisho, akakipiga picha kwa simu, akaipiga picha na fomu. Akafunga mlango wa kabati kwa kufuli, akanionyesha ufunguo. Nikatoka pale nimetua mzigo.

Habari ikatoka. Jina langu halikuwemo, wala neno mpishi halikuwemo, aliandika "mtu wa karibu na duara" tu. Serikali ikaamuru duara lifukuliwe. Wakawakuta wote wawili, karibu na ngazi. Nililia, lakini nilisema moyoni, angalau watazikwa na watu wao. Mwenye duara akachukuliwa na polisi, baada ya siku chache akarudi. Hapo ndipo kambi nzima ikaanza kuulizana: nani kasema?

Ndipo akaja yule kijana wa simu.

Sasa sikiliza walivyoipindua. Hawakusema nimepeleka habari kwenye jarida, maana hilo lingewatia aibu wao waliofukia watu. Walisema: huyu mama hajawahi kushuka durani hata siku moja, amejuaje kuwa chini kuna watu, na kwamba ni wawili kamili? Aliyewafukia ndiye anayejua. Na macho yangu mekundu, kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo. Mtu wa Usukuma hahitaji kuelezwa macho mekundu ya mwanamke wa umri wangu yamewaponza wangapi. Kabla ya juma kuisha nilisikia neno nogi, mchawi, limetamkwa nyuma ya kibanda, na aliyelitamka alikuwa amekula kwangu asubuhi hiyo hiyo.

"Mayu, mama yangu, ondoka," aliniambia mama mmoja muuza maji, bila kunitazama, anajifanya anafunga ndoo. "Ondoka leo hii, usingoje kesho."

Nilichelewa kwa kukusanya sufuria. Mawe yalinikuta njiani, mchana, watu wanaona. Moja lilinipasua juu ya sikio la kushoto, na sikio hilo mpaka leo linavuma kama mashine ya kusaga mawe. Dereva wa lori la magunia ya mkaa ndiye aliyenivuta ndani. Sahani mbili zilikuwa kwenye kikapu changu. Sufuria zilibaki.

Nilipofika Geita, kitambaa cha damu kichwani, sikwenda kwa ndugu. Nilikwenda kwa mhariri. Akashtuka kweli, akanipa kiti, akanipa maji. Kisha akafungua kabati.

"Mama, karatasi yako hii hapa. Haijatoka. Sisi tumefuata taratibu zote."

Na ni kweli, ilikuwepo. Nakala mbili safi, ndani ya faili, kila moja na picha yangu.

Nikauliza, kwa vile mimi ni mpishi na najua hakuna chakula kinachojipika: "Hizi nakala ulizitoa wapi? Hapa sioni mashine."

Akafunga faili. "Stesheneri ya barabarani. Niliwatumia picha kwa simu."

Tukaenda. Binti wa stesheneri alikuwa na wateja watano, mmoja anataka kopi, mmoja anataka kufunga ripoti. Ukutani karatasi ya manila imebandikwa, imeandikwa kwa kalamu nene namba ya simu ya kupokelea kazi, anwani ya barua pepe, na neno la siri lake, ili wateja wasimsumbue kuuliza. Kompyuta iko wazi kwenye WhatsApp. Kila mtu anatuma kazi yake pale, anakaa mwenyewe, anaitafuta, anabonyeza, inatoka.

"Dada," nikamwambia, "nani alikaa hapa akaniona mimi?"

Hakunielewa mwanzoni. Mhariri akasogea, akashusha kidole kwenye kioo, akashuka, akashuka. Tulipita majibu ya vipimo vya hospitali vya mtu. Tulipita barua ya talaka. Tulipita mkataba wa shamba. Halafu nikajiona, uso umekunjwa kwa jua. Nilikuwa nimekaa pale tangu siku ile, hakuna aliyenifuta.

Binti akaanza kulia. "Mama, huwa namwambia mteja ajihudumie tu. Karani wa lile duara alikuja kutoa nakala za leseni. Nilikuwa natoa kopi za mitihani. Alisema, dada, kazi yangu siioni. Nikamwambia shuka chini, utaiona." Akajifuta na kanga. "Alikaa muda. Nilidhani anaitafuta ya kwake."

Mhariri alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Sasa naishi Ibadakuli, Shinyanga, kwa dada yangu. Nimebadili laini ya simu. Sipiki tena, nasaidia kuchambua mchele kwa watu, nakaa na mgongo ukutani. Na kwa sababu nilitaka jina langu lisafishwe, nimezunguka kwa majarida mengine madogo nikiuliza swali moja, kama mtu anavyouliza buchani nyama inalala wapi: karatasi yangu itakaa wapi?

Ushirombo kuna mzee wa kanisa anayetoa kijarida cha wakulima. Hana cheti, hana fomu, na ameshaonywa kwamba asipojisajili atatozwa faini. Nilipoanza kujitambulisha, akaniinulia mkono. "Jina usinitajie, mama. Nisilolijua sitalipoteza." Alinipenda bure, lakini daftari lake niliona analiacha kwenye kigoda barazani, kuku wanalipanda. Hapa Shinyanga kuna mwingine, wa jarida la akina mama. Neno la siri analo kichwani, hamwambii mtu, hata mumewe. Nikamuuliza kompyuta inalala wapi. Nyumbani, akasema, watoto wanachezea katuni. "Wanaifunguaje?" Akacheka, "Nawafungulia mimi." Halafu kicheko kikamwisha. Alisema atalitazama jambo hilo. Sikumwachia jina.

Kwa hiyo nimewalinganisha. Mwenye cheti ndiye aliyeniuza, na wasio na cheti sijui lini wataniuza. Wote ni watu wazuri, na wote wanatoa kopi barabarani.

Juzi nilikwenda mashineni na debe la mahindi. Foleni ndefu. Nyuma yangu kijana akasema shikamoo, kisha akanitaja kwa majina matatu. Langu, la baba, la babu. Hapa Ibadakuli, ukimtoa dada yangu, hakuna anayejua jina la babu yangu. Hata shemeji yangu halijui. Nje ya ukoo wetu na kitambulisho changu, liko kwenye ile karatasi tu. Sikugeuka. Niliacha mahindi, niliacha debe la watu, nikatembea, sikukimbia, mpaka nilipofunga mlango. Dada aliniuliza unga uko wapi.

Siku hizi nikisikia shikamoo, siitikii.

Mwenye duara aliwafukia watu, na karani wake alidanganya, kisha akaiba uso wangu. Hao watajibu kwa Mungu wao na kwa hakimu, kama hakimu yupo. Binti wa stesheneri alilia, na kazi yake ameendelea nayo vile vile, nimeambiwa manila bado iko ukutani. Lakini mimi namdai mhariri. Wewe mwenye miwani, unajijua. Uliniambia ukinivunjia siri nikushitaki. Nikushitaki wapi, na mimi siwezi kusimama foleni ya mashine? Ukaguzi ulifika, nimesikia, na faili lako lilipita vizuri kabisa. Mkaguzi aliona nakala mbili, akaridhika. Hakuuliza zilitolewa wapi.

Basi mimi nakuuliza, na nataka jibu lako liwe mbele za watu. Panda gari, nenda kambini siku wachimbaji wanapokutana, simama pale kibanda changu kilipokuwa, useme kwa mdomo wako mwenyewe: huyu mama alijua ni wawili kwa sababu sahani mbili zilibaki. Waambie karatasi yake ilitoka mkononi mwako. Mpaka uyaseme hayo, mimi ni nogi, na yeyote mwenye simu anaijua sura yangu.

Sahani ninazo, ya matundu matatu na ya bluu. Sema siku ya kwenda, nikuletee uzibebe.