Vifuniko vya Sufuria na Dubu wa Milimani

Nina diploma ya usimamizi wa wanyamapori. Nimeitundika sebuleni, juu ya televisheni, mahali ambapo majirani zangu hapa Voi huweka picha ya harusi, na nyumba yenyewe niliijenga kwa jasho langu baada ya miaka kumi na minne Texas. Mgeni akiitazama karatasi hiyo kwa muda, huwa najua anachowaza: diploma tu, tena ya mambo ya wanyama, ilimfaa nini huyu kule Marekani? Basi humkaribisha chai, nikamweleza kuhusu dubu.

Nilikulia kwenye shamba la mahindi lililopakana na mbuga. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza nyani baada ya shule. Baba alimpa kila mmoja debe na kijiti, lakini kabla ya kutuachia shamba alitufundisha kupiga. Asiyejua hupiga kutoka kila upande, nyani wakachanganyikiwa, mmoja akaishia kumrukia mtu usoni. Sisi tulisimama upande mmoja, bega kwa bega, tukaacha upande wa kichaka wazi, tukapiga kwa pamoja bila kuwakimbilia. Nyani waliona pa kupita, wakapita. Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri aliandika mambo yaleyale ubaoni kwa Kiingereza kirefu, nami nikaongoza darasa katika mtihani huo bila kukesha.

Texas hakuna aliyeniuliza habari za mtihani. Nilifikia Haltom City, upande wa Fort Worth, nikashiriki vyumba viwili na wenzangu watatu, nikafunga maboksi ghalani. Baadaye nilihamia Houston, mtaa wa Alief, nikawa natunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapeleka kliniki. Kazi hiyo niliiweza vizuri sana, na nasema hivyo kwa sababu familia mbili ziliwahi kunigombania. Nilioa, nikapata binti, nikanunua gari langu, kisha la mke wangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hata hivyo, katika kikundi chetu cha Wakenya wa Houston, mimi nilikuwa mtu wa kupanga viti.

Kikundi kilikutana Jumamosi nyumbani kwa mwenyekiti, muuguzi aliyeishi Missouri City, mama mwenye sauti ndogo iliyoweza kunyamazisha nyumba nzima. Wanachama wengi walikuwa wauguzi kama yeye, na karibu wote walikuwa na digrii. Wakenya wanaelewa: digrii na diploma hazikai kochi moja. Mwenye digrii akianza kuzungumza, mwenye diploma hukusanya sahani. Hodari wa kunikumbusha hilo alikuwa mhasibu mmoja mwenye digrii mbili, jirani ya mwenyekiti. Tangu siku aliposikia nilichosomea, aliniita Mheshimiwa Nyani, na watu walicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, akina mama walitaka kuwapeleka watoto kupiga kambi. Watoto wetu walikuwa wamekulia kwenye nyumba za kupanga, wakitoka mlangoni na kuingia kwenye gari, kutoka kwenye gari na kuingia dukani. Hawakuwahi kulala wakisikia upepo. Mwenyekiti alikuwa amepata eneo zuri kwenye milima ya magharibi ya Texas, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Kisha mhasibu akasimama na kusema amesoma kwamba milima hiyo ina dubu weusi.

"Watoto hawa tumewaleta huku wasome," alisema. "Hatukuwaleta waliwe. Twendeni baharini Galveston, tule samaki, turudi nyumbani."

Niliona vichwa vikiitikia. Nikaweka chini sahani nilizokuwa nimekusanya, nikasema kambi inawezekana, na kwamba dubu mweusi mara nyingi humwogopa mtu akimsikia mapema na kukiwa hakuna chakula cha kumvuta.

"Mheshimiwa Nyani, kwenu Taita kuna dubu?" mhasibu aliuliza.

Nikamjibu kwamba hakuna, lakini mimi ndiye pekee katika chumba hicho niliyewahi kumtoa mnyama shambani bila yeye kuumia wala mimi kuumia. Safari hii watu walimcheka yeye. Hakupenda. Akadai tukubaliane mbele ya wote: nisimamie usalama, lakini dubu akitia mguu kambini, safari ife siku hiyohiyo, nami nisifungue tena mdomo kwenye mikutano kuhusu masomo yangu. Mwenyekiti alinitazama kuona kama nitakataa. Nilikubali. Ningekataa vipi? Nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu aniulize ninachojua.

Nilijiandaa kama mtu anayerudi chuoni. Nilisoma vitabu vya maktaba kuhusu dubu, nikapiga simu kwa askari wa hifadhi nikamwuliza maswali hadi akaniuliza mimi ni wa idara gani. Kisha, Jumamosi tatu mfululizo, nikawafundisha wanachama kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa tulilokodi Alief. Niliwaambia walete vifuniko vya sufuria, viwili kila mtu.

Kikwazo cha kwanza sikukitarajia. Watu wetu hawajui kupiga kelele mbele ya watu wazima. Mtoto wa Kikenya amefundishwa kushusha sauti mkubwa akipita, na mama yake naye anamwonea haya mchungaji. Wauguzi wanaomwamrisha daktari bila kusita walisimama pale wakigonganisha vifuniko polepole, kama watu wanaomkaribisha askofu. Ilinibidi nipige mimi kwanza. Nilipiga na kunguruma kwa sauti nene, mikono juu, hadi Wakongo waliokuwa wakisali kwenye jengo la jirani wakatoka kuuliza hii ni ibada ya dhehebu gani. Walipoelezwa, wawili wao walibaki tukafanya nao mazoezi, na hao hawakuhitaji kubembelezwa.

Niliwafundisha kuongea au kuimba wanapotembea, ili dubu asishtuke. Wakimwona, wasikimbie, kwa sababu anayekimbia hufukuzwa. Wakusanyike, watoto katikati, mikono juu, sauti ziwe nene, kwa maana ukelele mwembamba ni sauti ya kitoweo. Dawa ya pilipili ya kupuliza niliwapa watu wazima wanne tu, baada ya kila mmoja kunionyesha kwamba anajua upepo unavuma kutoka wapi. Mhasibu alitaka kupewa. Alielekeza kopo usoni kwake mwenyewe, nikamnyang'anya.

Zaidi ya yote nilisisitiza chakula. Eneo la kambi lilikuwa na masanduku ya chuma yenye kitasa ambacho dubu hawezi kukifungua, na kila kinacholiwa na kila kinachonukia, hata dawa ya meno, lazima kifungiwe humo. Kelele ni ya kumwondoa dubu aliyekuja. Sanduku ndilo linalomfanya asije.

Tulifika salama. Siku ya kwanza ilipita vizuri hadi watoto wakaanza kulalamika kwamba hawajaona dubu. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, nilipita hema kwa hema nikiuliza kama kuna chakula kilichobaki nje. Kila mama alinijibu hakuna. Nilifungua masanduku nikakagua. Nilichungulia ndani ya magari. Nikamwambia mwenyekiti kambi ni safi, na nilimwambia kwa sauti ili mhasibu asikie.

Kumbe chini ya meza ya kupikia, zikiwa zimefunikwa kwa leso, kulikuwa na hotpoti mbili, moja ya chapati na moja ya mbuzi. Familia mbili tulizoalika kutoka Fort Worth zilikuwa zimechelewa kuondoka na zilitarajiwa kufika jioni. Akina mama walikuwa wamewawekea chakula. Hawakunidanganya nilipouliza. Kwetu chakula cha mgeni hakiitwi kilichobaki. Kina mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko barabarani. Nami, ambaye nilikuwa nimekagua hadi mikoba ya mswaki, niliiona leso ile kwa macho yangu mawili na nikapita. Nilijua ni nini. Nilijua ni cha nani. Kichwani mwangu pia kilikuwa kimeshaliwa.

Saa kumi kasorobo, jua likiwaka, dubu alishuka kutoka kwenye miti na kwenda moja kwa moja kwenye meza ile. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia na alitembea bila haraka. Watoto walikuwa wakicheza mpira upande wa magari, hatua thelathini hivi kutoka mezani. Mhasibu alikuwa karibu zaidi kuliko mtu yeyote, kwenye kiti cha kukunja, akisoma gazeti. Aligeuka, akamwona, akainuka, na nikaona anajiandaa kukimbia.

"Simama hapohapo, ndugu," nikamwambia. "Usikimbie. Rudi kwangu kinyumenyume, ukiongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Soma gazeti."

Akasoma. Alirudi nyuma hatua kwa hatua akisoma bei za magari yaliyotumika, kwa sauti inayotetemeka lakini nene kama nilivyomfundisha. Dubu alisimama kwa miguu miwili. Mama mmoja alianza kulia, nikamwambia anatutazama tu, dubu akitaka kuona vizuri husimama hivyo. Watoto walikuwa wameshakusanyika bila kuambiwa, wakubwa wakiwa wamewashika wadogo mikono, na hapo moyo wangu ulijaa, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Nilipoinua mkono ili tuanze kupiga vifuniko, ambavyo kila mtu mzima alikuwa ameshavishika, niliona kosa la pili. Tulikuwa tumeegesha magari yetu nusu duara, akina mama wakakusanyika kwenye ule upande mwingine uliobaki wazi, na njia ya kurudi mlimani ilipita katikati yao. Kama tungepiga wakati ule, dubu angekuja kwetu. Niliwaita kwa utulivu wasogee kushoto, waje upande wa watoto, bila kumpa dubu mgongo. Wauguzi wanajua kutii amri wakati wa hatari. Walisogea wote pamoja, taratibu, na mlima ukaonekana pale walipokuwa wamesimama.

"Sasa," nikasema.

Sijasikia tena kelele kama ile. Vifuniko arobaini, sauti za wanaume, sauti za wanawake walioacha haya zao Alief, mke wangu akikandamiza honi ya gari letu. Mwenyekiti wa sauti ndogo alinguruma hadi nikageuka kumtazama. Dubu alishuka kwa miguu minne, akatutazama, akaitazama meza, kisha akapita palepale tulipomfungulia na kupanda mlima bila kugeuka. Kopo la pilipili nililokuwa nimelishika halikutumika. Hotpoti zilikuwa zimefungwa vilevile.

Tulipohesabu watoto mara ya tatu na kuwapata wote, kila mtu akakumbuka makubaliano. Dubu alikuwa ametia mguu kambini, tena miguu minne. Nilikwenda mezani, nikafunua leso, nikaeleza kilichomleta. Nikasema pia kwamba niliiona na nikaiacha, kwa hiyo lawama isiende kwa akina mama. Sikuona raha kulisema hilo, lakini mtaalamu anayeficha kosa lake huwaacha wengine walirudie. Hotpoti nikazifungia kwenye sanduku mbele ya macho yao.

Mwenyekiti aliuliza kama tufunge mahema. Alimwuliza mhasibu, kwa kuwa sharti lilikuwa lake. Yeye bado alikuwa na gazeti mkononi, limekunjamana.

"Ningekimbia," alisema. "Ningekimbia, na watoto wakiwa nyuma yangu. Mimi naomba tubaki. Na huyu asinyamaze, bwana. Aendelee kutufundisha."

Mwenyekiti akaomba mikono. Iliinuka yote. Aliyesimama kando yangu alinipiga bega kwa nguvu hadi nikayumba, na mtu nyuma akaniita mwalimu, wengine wakalichukua jina hilo. Askari wa hifadhi aliyefika baadaye, mwanamke mrefu mwenye kofia, alinisikiliza nilivyopanga watu, akaniomba nirudie sehemu ya kuacha njia wazi, akaiandika kwenye daftari lake. Akatuonya kuhusu chakula, kwa haki kabisa, akaenda zake.

Familia za Fort Worth ziliingia saa kumi na moja na nusu, wamechoka, wana njaa, watoto wao wakidai kula kabla hata gari halijazimwa. Sikuwaruhusu kushusha mzigo. Niliwapanga mstari kando ya gari lao, nikamkabidhi kila mmoja vifuniko viwili, nikaanza somo tangu mwanzo. Mhasibu alikuja akasimama kando yangu bila kuitwa, akasema yeye atakuwa msaidizi. Nikamwambia awaonyeshe namna ya kusimama. Akainua mikono, akatoa sauti.

"Nene zaidi, msaidizi," nikamwambia.

Akarudia, na safari hii aliipata.