Alama Moja ya Kusikiliza

Shemeji yangu ni fundi makochi, na kwa makochi simpingi: akilivalisha kochi kitambaa kipya, hata mwenye nalo halitambui. Shida yake ni kwamba hajawahi kukosa jibu. Unaanza kumweleza jambo, yeye ameshakumalizia, tena kwa namna ambayo hukuikusudia.

Mwaka huu amebuni mchezo wa mezani. Kila mchezaji huwa mtu fulani ndani ya hadithi, na mtu huyo ana alama zake: za nguvu, za akili, za kusikiliza. Ukitaka kufanya jambo unarusha dadu mbili, unajumlisha na alama zako. Ukifika kumi, umefaulu. Kazi ya kutugawia alama alijitwika mwenyewe. Mama yetu akapewa mbili za nguvu, kwa sababu ya magoti.

"Hayo magoti ndiyo yamekulelea mke," Mama akamwambia.

Yeye, ajabu ya Mungu, alijipa tisa kila mahali. Basi mlango akavunja yeye, fumbo akafumbua yeye, jambazi akamsikia yeye. Mama akasinzia. Mimi nikaenda kuosha vyombo kwa hiari yangu, jambo lisilowahi kutokea nyumba hii. Shemeji akabaki anarusha dadu peke yake. Nilimwonea huruma, maana kadi zote alizikata kwa mkono, na vitini alituwekea mito mipya.

"Hamuupendi," akasema. "Kesho nautia moto."

Dada yangu, mkewe, akavuta kiti. "Mchezo mzuri, bwana. Ila mtu asiyepungukiwa na kitu anatuitia nini?"

Akashika kifutio. Kila mtu apate alama kumi na mbili tu. Ukijaza huku, unapungukiwa kule. Za mumewe akazigawa yeye: nguvu sita, akili tano, kusikiliza moja.

"Moja!"

"Hapo nimekuhurumia."

Tukaanza upya. Mlinzi wa lango akanong'ona, na maneno yake yalikuwa kwenye kadi ya kusomwa na atakayefaulu kusikia. Shemeji akarusha, wapi! Dada akarusha, akafaulu, akaisoma kimya, akaendelea na chai yake. Bila maneno yale hatuvuki lango.

Shemeji alihangaika kitini. "Mke wangu," akasema mwishowe, "amesemaje?"

"Utaniacha nimalize?"

"Nitakuacha."

Kadi ilikuwa na mstari mmoja. Dada alizungumza mpaka chai ikapoa, na shemeji hakumkatiza.