Nilivyopanda mtumbwi wa pombe wa Tata nikautweka tanga, na siku wakwe walipoonja rubisi yenye lami

Wakuu, habari za saa hizi. Kama humu kumebaki mtu aliyenizidi umri, shikamoo.

Wiki nzima nawasoma mnabishana kwamba hobi ya kuendesha mashua ya tanga ni mambo ya Wazungu, eti Mwafrika wa zamani aliingia majini kuvua au kuvuka, basi. Nimevumilia, nimeshindwa. Nawaletea yaliyonikuta mimi mwenyewe, bila chumvi. Atakayeona naongopa aendelee na shughuli zake.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, muuguzi mstaafu. Naandika mwenyewe kwa simu, mjukuu ananipangia mistari. Kutulia sehemu moja sijawahi kuweza. Hapa tu nimeshainuka mara mbili, kuangalia chai na kuangalia geti ambalo halina tatizo lolote.

Haya, twende.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Kwetu ni Kibingo, ambako leo ni Kyerwa, ila enzi hizo kote huko tuliita Karagwe. Shamba la Tata, yaani baba yangu, lilikuwa la migomba na kahawa, na liliteremka mlima mpaka karibu na ziwa.

Si ziwa la kutisha. Mtu akichunga ng'ombe ng'ambo ukimpigia kelele anageuka. Kingo zote mafunjo, na viboko walikaa upande wa kusini. Sisi tulikaa kaskazini, kwa hiyo tulisikilizana.

Tata alisifika kwa rubisi. Pombe yake ya ndizi ilijulikana mpaka Isingiro. Alikuwa na mtumbwi wake wa kukanyagia ndizi, gogo moja lililochongwa na babu, mrefu kuliko watu wawili waliolala. Wanaume wanaingia ndani, wanakanyaga ndizi na nyasi mpaka juisi itoke, kisha inachanganywa na mtama na kuachwa humo humo iumuke.

Sasa shikeni hili. Kwetu mwanamke hakuingia ndani ya mtumbwi ule. Hata kukaa ukingoni ulifukuzwa. Mwanamke akiingia, pombe yake haifai kupewa mgeni wa heshima.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na miguu inaniwasha. Asubuhi kuchuma kahawa, mchana kumenya ndizi, jioni kuchota maji, kesho hivyo hivyo. Nilikuwa nikifika ziwani na mtungi nasimama tu natazama maji yanavyokimbia kwenda upande wa pili, nayaonea wivu. Mama alikuwa ananiita toka juu mpaka sauti inakauka.

Kaka yangu Deo alifanya kazi mgodi wa bati. Kuna Mzungu mmoja pale alikuwa na kimashua cha tanga, kila Jumapili anakuja kuchezea ziwani. Kazi ya Deo ilikuwa kukausha tanga na kukaa upande mmoja kama gunia ili chombo kisipinduke. Hakulipwa zaidi kwa hilo, lakini alirudi nyumbani macho yanang'aa.

Mgodi ulipopunguza watu, Deo alirudi na vitu viwili: kipande kikubwa cha turubai, na kopo la lami.

Akautazama mtumbwi wa Tata umefunikwa chini ya migomba. Akanitazama. Nikajua.

Tulimdanganya Tata kwamba shangazi wa Isingiro ameazima mtumbwi. Watu waliazimana sana, hakushtuka. Deo na rafiki zake wakautelemsha kwa kuulaza juu ya magogo ya migomba mibichi. Mnajua mgomba ulivyo na utelezi? Mtumbwi ulishuka wenyewe, kazi ikawa kuuzuia.

Deo akatoboa tundu katikati ya sakafu kushikiza mlingoti, akaziba kwa kigingi na lami. Pembeni akafunga mafungu mawili ya mafunjo makavu ili usipinduke. Turubai likawa tanga.

Mimi hakunialika. Nilimfuata nikamsumbua mpaka akachoka. Halafu alihitaji uzito, na mimi ndio nilikuwa uzito uliokuwepo.

Nikavaa kaputula yake ya mgodini na kofia, kwa mbali mtu adhani ni mwanaume.

Nikaingiza mguu wa kwanza mle ndani. Nilingoja radi. Haikuja. Deo akanipa kamba ya tanga, akasema, "Usishike ukingo, Koku. Shika kamba. Ukingo hauna habari zako."

Upepo ukajaza turubai. Wakuu, sijui niseme nini hapa. Kitu kilekile ambacho nilikuwa nakiona migombani kwa Tata kimejaa ndizi kiliinuka na kukimbia. Nilicheka kwa sauti mpaka Deo akaniambia nifunge mdomo, nacheka kike.

Kwenda tulikwenda na upepo. Kurudi tulipiga kafi mpaka mabega yanawaka moto, maana gogo lile halikujua kwenda kinyume cha upepo. Hakuna aliyelalamika.

Kuna mzee alikuwa akikata mafunjo ng'ambo. Akatuuliza, "Mnaenda wapi?"

Deo akamjibu kwa heshima, "Hatuendi popote, waitu."

Mzee akaacha kukata, akatusindikiza kwa macho mpaka tukapotea. Mtu kuingia majini bila nyavu, bila mzigo, bila safari. Nafikiri alituombea.

Tulienda Jumapili nyingi baada ya misa. Kufikia mwisho nilikuwa nashika kafi la nyuma mimi, Deo ndiye uzito. Siku za katikati ya wiki zilikuwa mateso. Nilichuma kahawa natazama majani ya migomba yanapepea, nahesabu upepo unatoka wapi.

Sasa mambo ya uchumba.

Alikuwepo kijana anaitwa Severian, mtu wa Muleba, karani wa mnunuzi wa kahawa pale Omurushaka. Shati jeupe, kalamu mfukoni, mwandiko mzuri. Aliniandikia barua. Nisiwafiche, nilimpenda. Lakini zaidi ya shati, kwao ni karibu na ziwa kubwa, Nyanza, ambalo ng'ambo haionekani. Aliandika kwamba tukioana atanipeleka nilione. Nililala na barua ile chini ya mkeka. Nilikuwa namtaka yeye na ziwa lake, vyote viwili, na sikuwa tayari kukosa hata kimoja.

Ujumbe ukaja kwamba wazee wake wanakuja kumalizia mazungumzo na kuleta mahari. Wao na vyao, sisi tuwakirimu kwa rubisi.

Tata akasema, "Deo, kafuate mtumbwi Isingiro."

Loh.

Deo na wenzake wakautoa mafunjoni, wakausukuma mlima mzima kwa jasho. Akang'oa mlingoti, akagongea kigingi kipya kwenye lile tundu, akapaka lami mpya juu na chini kisha akafunika kwa majivu na tope. Ukitazama huoni kitu. Kesho yake akaondoka kwenda Uganda kutafuta kazi. Nikabaki na siri peke yangu, na mimi kukaa na siri ni kama kukaa na siafu ndani ya gauni.

Nilikwenda kuuangalia mtumbwi mara sijui ngapi. Nikausugua kwa mchanga, nikausugua kwa majani. Mama akaniuliza nimepoteza nini kule migombani.

Tata akakanyaga ndizi na majirani wakiimba. Akaonja juisi, tamu. Akafunika. Jamani, pombe inapoumuka inapata joto, na lami mbichi ikipata joto mnajua wenyewe.

Kosa lingine lilikuwa la Tata. Hakuwa anaonja rubisi yake kabla ya wageni. Aliona kuonja mapema ni mambo ya mtu asiyejiamini. Fundo la kwanza alikunywa mbele ya wageni, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba kuonyesha kwamba hakuna kitu kibaya ndani.

Siku ikafika. Wageni sita, Severian katikati na viatu vinang'aa. Mimi na Mama tuko chumba cha ndani, nachungulia kwenye upenyo wa matete.

Tata akachukua kibuyu, akanyonya mrija. Nikaona shingo yake ikisimama. Sekunde moja tu. Kisha akameza, akatabasamu, akampa kibuyu mjomba wa Severian, mzee mrefu mwenye fimbo.

Mzee akanyonya, akatema palepale kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni.

Akakiweka kibuyu chini taratibu. "Mwenzangu," akasema, "hii ina kitu."

Nyie mnaosoma mkiwa Dar na kwingineko, hamwezi kujua uzito wa neno lile kwetu. Hakusema pombe ni mbaya. Alisema Tata ametaka kuwaua. Neno kama lile likitoka mlangoni halirudi. Linazunguka Kibingo yote, na mtoto wa nyumba ile haolewi, na mzee wa nyumba ile hakaribishwi kibuyu mpaka anakufa.

Tata akasema, "Nimekunywa mimi mwenyewe, mmeniona." Sauti yake ilikuwa ndogo. Akachukua kibuyu, akanyonya tena, mafundo marefu, macho yanamtoka machozi kwa ule uchungu. Alikuwa anakunywa lami ili kulinda jina lake, na hakujua imetoka wapi.

Mzee mrefu akasema, "Kuna watu wana dawa ya kuizuia sumu waliyoiweka wenyewe."

Nikinyamaza, huenda Severian akawatuliza, mambo yakapoa, nikaolewa, Tata akabaki na jina la mchawi. Nikisema, wanajua mwanamke aliingia mtumbwini, na harusi imekwisha hapohapo. Mama akanishika kanga, nadhani alishaelewa. Akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza uolewe."

Kanga ikabaki mkononi mwake.

Nikatoka na gauni tu, nikapiga magoti katikati yao. "Shikamooni. Tata hana kosa. Hiyo ni lami. Mtumbwi haukwenda Isingiro, ulikuwa ziwani. Tuliutoboa, tukautweka tanga. Mimi nilikuwa ndani yake. Jumapili nyingi."

Mzee mrefu akauliza, "Ndani yake? Wewe? Mlikuwa mnavua?"

"Hapana."

"Mnavuka kwenda wapi?"

"Hatukuwa tunaenda popote."

Bora ningesema tulikuwa tunaiba. Wizi wangeuelewa.

Nikamtazama Severian. Nilimsubiri, wakuu. Si nyie mnasema mapenzi, mapenzi? Mtu aliyeniandikia kurasa nne kuhusu maji ya kwao. Nilitaka aseme neno moja tu, hata la kunigombeza. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Wakaondoka na vyao. Ila mlangoni yule mzee mrefu aligeuka akamwambia Tata, "Nisamehe neno nililosema." Hilo lilikuwa ndilo nililolinunua siku ile, na nililipata.

Nililia wiki nzima. Nililia huku natembea, maana kukaa nilishindwa. Tata hakunipiga, hakunitukana, hakuniongelesha. Bora angenipiga.

Jumapili ya pili yake nikaamka nikamkuta ametelemsha magogo ya migomba njia nzima mpaka ziwani. Mtumbwi umeshalazwa juu yake, na turubai la Deo limekunjwa ndani.

Akasema, "Mimi siwezi kupikia pombe humu tena. Ni wako."

Tukausukuma wawili mpaka majini. Nikasimika mlingoti. Nikadhani atageuka apande mlima. Akavua viatu, akaingia, akakaa mbele, ameshika kingo mbili kwa nguvu, mtu ambaye hajawahi kuelea juu ya maji maisha yake yote.

Nikamwambia, "Usishike ukingo, Tata."

Hakuachia.

Upepo ukaja, turubai likajaa, gogo la babu likainuka na kukimbia. Mgongo wa Tata ulikuwa mgumu, halafu polepole nikaona mkono mmoja umeachia ukingo na kugusa maji.

Bila kugeuka akauliza, "Koku, tunaenda wapi?"

"Hatuendi popote, Tata."

Akafikiri.

"Basi tusirudi haraka."

Wakuu, hapo nimeinuka nimezunguka nyumba ndio nimerudi kuandika.

Baadaye nilikwenda kusomea uuguzi Bukoba, na hilo ziwa kubwa nililiona mwenyewe, kwa nauli ya Tata. Nikaolewa na mtu mwingine. Siku ya kwanza tu nilimwambia habari za mtumbwi, nione atatazama wapi. Alinitazama mimi.

Nilichojifunza ni hiki: kitu unachokipenda bila sababu kitakudai siku moja, na hapo ndipo utajua nani atakaa na wewe chomboni. Na msitoboe mali za wazazi wenu, lami haitoki.

Uwanja ni wenu. Wa Kyerwa na Karagwe mlioona mambo kama haya semeni, wabishi pia njooni. Ila anayetaka kuniuliza Severian aliishia wapi asijisumbue. Kama hakubadilika, bado anatazama viatu.