Mwambie Babu Yako

Enzi zetu ujumbe ulikuwa na miguu, na katika nyumba yetu ya Mafinga miguu hiyo ilikuwa yangu. Wenzangu mliokulia kwenye ile baridi mtanielewa. Mtoto alikuwa ndiye simu. Unatumwa dukani, unatumwa kwa jirani kuomba moto, unatumwa kumwita baba, na ukirudi unaulizwa mbona umechelewa, wakati hata jasho halijakukauka.

Nayakumbuka haya kwa sababu riwaya yangu mpya imetoka. Ni riwaya ya mapenzi ya kale, ya enzi za mikuki na misafara, na tangu itoke kila nikikaa naulizwa swali lilelile: "Dada, haya mahaba umeyatoa wapi?" Mbeya mjini kijana mmoja wa redio aliniuliza huku akinikonyeza, anataka nitaje mwanamume. Nikamwambia nimeyatoa jikoni kwa mama yangu. Akacheka, akaweka wimbo.

Sikumtania. Na kuna jambo jingine sikumwambia: nilikuwa sina raha. Kila mtu alikuwa amenipongeza isipokuwa Mama. Nakala ya kwanza kabisa nilimpelekea yeye, nikasubiri neno lake, neno halikuja. Nilipokwenda kumsalimu nikakikuta kitabu mezani kimelazwa kifudifudi, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kumewekwa chupa ya chai. Nilikaa naye mchana kutwa tukiongelea bei ya mbolea na kuku wa jirani. Hakukigusa, nami sikuthubutu kuuliza.

Ili mjue kwa nini neno la Mama lilinikosesha usingizi, lazima niwarudishe nyumbani.

Baba alikuwa fundi seremala, Mhehe wa vijiji vya Iringa. Mama ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na hadi leo asante yake ni 'ndaga'. Nyumba yetu ilinuka mbao mbichi na utomvu wa misonobari, na maranda yalikuwa kila mahali: kwenye nywele, kwenye mashuka, hata kwenye maharage. Mwezi wa saba asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, na tulikwenda shule pekupeku tukirukaruka, kuni kwapani kwa ajili ya jiko la walimu, midomo ikitoa moshi. Wavulana walijifanya wanavuta sigara. Jioni tulipanda kilima cha nyuma ya kiwanda cha mbao, kila mtu na banzi lake, tunakaa juu yake na kuteleza kwenye majani makavu ya misonobari hadi bondeni. Sketi zetu zote zilikuwa na viraka sehemu ileile. Tulicheza rede, tukacheza kombolela, tukala viazi vya kuchoma vilivyoungua nje na vibichi ndani, tukasema vitamu. Watoto wa leo wakiteleza kidogo tu sebuleni wanapelekwa kupigwa picha ya mfupa.

Sasa, kwao Mama kuna heshima moja nzito sana. Mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hapiti njia anayopita, hali naye, hasemi naye, na jina lake halitamki mpaka anaingia kaburini. Si chuki, ni heshima ya juu kabisa. Mama alilelewa hivyo na bibi yangu wa Tukuyu, akaondoka nayo kwao kama alivyoondoka na vyungu vyake. Tatizo ni kwamba Baba alipooa alimweleza Mama mambo yote ya Uheheni, ila akasahau kumweleza baba yake mambo ya Unyakyusani.

Babu alikuja kututembelea bila taarifa, kama wazee walivyokuja enzi hizo. Mama alikuwa uani anakanda unga. Alipoinua macho akaona kofia ya mkwewe inachungulia juu ya uzio, aliacha beseni, akaruka tuta, akazama kwenye njegere. Mama alikuwa mnene wakati ule, ana mimba ya mdogo wangu, lakini siku ile alipaa. Babu alisimama getini na mkungu wake wa ndizi, anatazama njegere zikitikisika.

"Kamwene," alizisalimia.

Njegere hazikuitika.

Baba aliporudi kutoka karakana alimkuta mzee amenuna kwenye kigoda. "Mwanangu," Babu alimwambia, "mke wako ananikimbia. Mimi nimekuwa fisi?" Baba ikabidi ajieleze, jasho linamtoka katika baridi ile. Babu alisikiliza, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuheshimiwa hivyo na mtu yeyote, hata na watoto wake wa kuwazaa.

Tangu siku hiyo Babu alianza kukohoa. Kila akikaribia nyumba, anasimama kwenye kona ya misonobari, anakohoa mara ya kwanza ili Mama aache anachofanya, anakohoa tena ili ajifiche, ndipo anaingia taratibu, anatazama mawingu. Kikohozi kile sisi watoto tulikijua kuliko kengele ya shule. Bahati mbaya watoto wa jirani nao walikijua. Walikuwa wanajificha kwenye kona ileile, mmoja anakohoa kizee, halafu wanapanda uzio kumwona Mama akiruka tuta. Siku moja alipita katekista mwenye kifua kibaya, masikini ya Mungu, na Mama akaacha sufuria ya makande hadi yakaungua. Tulikula makande yenye ladha ya moshi.

Bibi yangu wa Iringa alipofariki, Babu akahamia kwetu moja kwa moja. Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Mafinga hakuna pa kuotea moto ila jikoni, na jiko ni la Mama. Mzee akae wapi? Baba alifikiri kama fundi. Alilikata jiko katikati kwa ukuta wa mabanzi. Upande mmoja Mama na jiko lake la maranda, upande wa pili kigoda cha Babu, na kila upande mlango wake. Joto lilipita kwenye nyufa vizuri kabisa. Sauti nayo ilipita. Lakini kusikia si kusemeshwa, kwa hiyo alihitajika mtu wa kuchukua maneno kutoka upande huu kwenda upande ule, kwa kutoka mlango wa Mama, kuzunguka nje kwenye baridi, na kuingia mlango wa Babu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Gwe Atu," Mama angeniita kwa lugha ya kwao, yaani 'wewe Atu', "mwambie babu yako uji tayari."

Nazunguka. Babu ameshasikia, amekaa kimya anasubiri, kwa sababu ujumbe haujafika mpaka ufikishwe. Nami nilikuwa mtoto ambaye mdomo wake haukuweza kubeba kitu kidogo. Kuzunguka nyumba nzima katika baridi ile kwa ajili ya maneno mawili niliona ni hasara. Kwa hiyo nilifika na kusema, "Babu, Mama anasema ameamka kukiwa bado giza, akakukorogea uji kwa mkono wake mwenyewe, unywe ungali moto, maana baridi hii ukiumwa kifua yeye hatalala."

Upande wa pili mwiko ulisimama. Mama alikuwa amesikia kila neno.

Babu alitazama ule ukuta, akanitazama. "Sawa, mke wangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, kama mababu wote wanavyowatania wajukuu. "Mwambie mama yako, asante."

Nazunguka tena. "Mama, Babu anasema tangu azaliwe hajanywa uji mtamu namna hii, na kwamba katika Iringa nzima hakuna aliyeoa vizuri kama Baba."

Nikasubiri kofi. Mama alinigeuzia mgongo, akainama kwenye jiko, akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Kesho yake uji ulikuwa na karanga.

Basi nikanogewa. Maneno yalikuwa yanatoka upande mmoja yamevaa kaptura, yanafika upande wa pili yamevaa suti. Mama akisema mwambie babu yako alete shuka nifue, mimi nafika na habari za shuka linavyostahili kung'aa kwa mtu mkubwa kama yeye. Babu akisema mwambie mama yako chumvi imezidi, namwambia Mama kwamba Babu anaomba asijichoshe sana kwa kutia chumvi. Baba alikaa uani anapiga randa, anasikia yote, anatikisa kichwa. Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akasimama mlangoni kwa Babu na randa mkononi, akasema, "Baba, mtoto huyu anasema uongo mchana kweupe!"

"Mwache," Babu akajibu. "Bado hajakosea."

Upande wa Mama mfuniko wa sufuria ulianguka.

Waandishi wenzangu wanasema walijifunzia kazi hii chuoni. Mimi nilijifunzia katika kuzunguka jiko lile. Nilijifunza kwamba watu wawili wanaweza kutunzana miaka na miaka bila kutazamana usoni. Katika riwaya yangu kijana wa Kihehe anamvusha mchumba wake wa Kinyakyusa mto uliofurika, na wasomaji wananiambia walilia pale. Mimi nilipokuwa naandika nilikuwa naona bakuli la uji linazunguka nyumba.

Babu alifariki nikiwa sekondari ya bweni. Nililia kama wote, lakini kilichonichoma zaidi ni wazo moja: siku zake za mwisho hakukuwa na mtu wa kuzunguka. Mama alikuwa upande wake, Babu upande wake, Baba ni mtu wa mbao, maneno hana. Msibani Mama alikaa mbali na jeneza, amejifunika kanga usoni. Kama alikuwa na neno la kumwambia mkwewe, alibaki nalo.

Ndiyo maana niliandika kitabu. Na kwa mapenzi yangu yote, nikampa yule kijana shujaa jina la Babu. Tena jina hilo nikaliweka kwenye jalada, herufi kubwa za dhahabu. Mchapishaji wa Dar naye akaongeza mapambo yake: akachora shujaa kifua wazi, misuli imejaa, amembeba bibi harusi. Mimi jalada nililipenda. Watu wazima wawili na shahada zetu, hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mwanamke Mafinga asiyeruhusiwa kulitaja jina lile wala kumtazama mwenye jina. Hata hapa silitaji, maana najua atasoma.

Nililigundua kosa ukumbini, kwenye uzinduzi wa Mafinga. Mshereheshaji alimpa Mama kipaza sauti, akamwomba awatajie wageni jina la kitabu. Mama akasimama. "Ni kitabu cha mtoto wangu," akasema.

"Tunajua, mama yetu! Kinaitwaje?"

"Kinaitwa hivyohivyo kilivyoandikwa."

Watu wakacheka, mshereheshaji akazidi kuchochea. Mama akageuza jalada kifuani kwake, akatazama dari. Nikaikumbuka ile chupa ya chai juu ya kitambaa. Kumbe sikuwa nimemwandikia kitabu, nilikuwa nimemwekea baba mkwe wake mezani, bila shati!

Ni mama mmoja wa Kyela, Mnyakyusa mwenzake, aliyetuokoa. Alisimama nyuma kabisa, akapaza sauti: "Mwacheni jamani, hilo jina ni la mkwewe!" Akapiga kigelegele, na wanawake wa kwao wote wakamfuata, wakasimama kumpa Mama heshima. Mshereheshaji aliomba radhi bila kujua anaombea nini.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, yuko grupu moja la WhatsApp na mume wangu. Anamwita "Dadi". Asubuhi anamtumia paka anayecheza muziki, mume wangu anajibu kwa kidole gumba, na hapo wameshasalimiana hadi kesho. Ni binti mwema, nampenda, na mume wangu anamfurahia yule paka kuliko anavyonifurahia mimi. Lakini wakati mwingine natazama vile vidole gumba vimejipanga, nakumbuka mzee aliyekuwa anasimama kwenye baridi, kwenye kona ya misonobari, anakohoa ili mwanamke mmoja apate muda wa kujiweka sawa. Naikumbuka heshima ile.

Kesho yake baada ya uzinduzi nilikuwa nyumbani, naosha vyombo katika jiko lilelile. Ukuta wa mabanzi bado upo, umekuwa mweusi kwa moshi. Nilikuwa najipanga kuomba msamaha. Mama alikuwa anakoroga uji, kanipa mgongo.

"Gwe Atu," akasema.

"Abee, Mama."

"Mwambie babu yako nimekisoma chote."

Mwiko ukasimama. "Mwambie, ndaga."

Nilipanda basi hadi kijijini Iringa, alikozikwa Babu. Pale kwenye kona kabla ya makaburi nilisimama, nikakohoa, nikakohoa tena, kisha nikaingia taratibu. Nikamfikishia. Njia nzima nilikuwa nimetafuta cha kuongeza, na mara hii sikukiona.